Friza, jua na gridi: Sola inaweza kubeba biashara ya mpakani kwa kiasi gani?

UMEME unapokatika saa 2 usiku katika mji wa mpakani, mwenye televisheni hulalamika na kinyozi hufunga mapema. Anayekesha ni mwenye friza. Ndani ya friza hiyo kuna sangara na sato walionunuliwa kwa mkopo wa kikundi, na mteja wao atavuka mpaka alfajiri. Umeme ukichelewa kurudi, kinachoharibika si samaki tu. Mtaji nao unaoza, na marejesho ya wiki yako palepale.

Wafanyabiashara wa Busia, Sirari, Mutukula na Rusumo hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani baada ya gridi ya taifa kuanguka. Mwishoni mwa mwaka huohuo Tanzania ilikuwa kwenye mgawo. Kila tukio la namna hiyo hupeleka wateja wengi kwenye maduka ya paneli, na hapo swali huwa moja: je, sola juu ya bati na betri chini ya kaunta vinaweza kuchukua nafasi ya umeme wa gridi moja kwa moja?

Jibu linategemea kazi. Kwa taa, simu, redio na televisheni, sola imeshashinda, na mamilioni ya nyumba za ukanda huu ni ushahidi. Kwa friza inawezekana, mradi hesabu ifanywe kabla ya kununua. Kwa kinu cha kusaga, mashine ya kuchomelea na chumba cha baridi, mtambo wa kawaida wa nyumbani hautoshi. Wengi wanaopoteza fedha hupotea kwa sababu walinunua kwanza, kisha wakapiga hesabu.

Kuanza na kazi, si na paneli

Umeme huuzwa kwa uniti, ziwe za tokeni au za LUKU. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Taa ya LED ya wati 8 ikiwaka saa 5 kila usiku, itachukua mwezi mzima na bado haitafikisha uniti 2. Televisheni ndogo hula wati 50 hivi. Lakini pasi hula wati 1,000 au zaidi, na birika la umeme hufika 2,000. Ndiyo maana mtambo unaowasha nyumba nzima na televisheni hadi saa 6 usiku huzimika ghafla mtu akichomeka pasi.

Upande wa jua nao una hesabu yake. Paneli yenye lebo ya wati 450 hutoa wati hizo jua linapokuwa kali kabisa. Asubuhi na jioni hutoa kidogo, usiku haitoi kitu. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, jua la siku nzima ni sawa na saa 4 na nusu hadi 6 za jua kamili. Msimu wa mvua na mawingu, hasa nyanda za juu, kiasi hicho hupungua. Joto nalo hupunguza nguvu ya paneli, na vumbi la barabara ya malori hupunguza zaidi.

Anayeuziwa mtambo wa "wati 1,000" asidhani amepata uniti 24 kwa siku. Akipata uniti 4 au 5, mtambo wake unafanya kazi vizuri.

Mfano wa friza mbili

Chukua mama muuza samaki mwenye friza mbili za ukubwa wa kati, taa nne na televisheni ndogo ya dukani. Friza zikiwa nzima, zenye mipira ya mlango inayobana vizuri, kila moja inaweza kula uniti 1.4 kwa siku. Zote mbili ni 2.8. Taa na televisheni zinaongeza uniti 0.4. Jumla ni 3.2.

Umeme hupotea njiani, kwenye betri, kwenye inveta na kwenye waya. Akiongeza robo kwa ajili ya upotevu huo, paneli zake zinapaswa kumletea uniti 4 kila siku. Siku ya jua la saa 5, wati 800 zinatosha. Lakini siku ya mawingu yenye jua la saa 3 na nusu, zinahitajika zaidi ya wati 1,100. Paneli tatu za wati 450 zinampa 1,350, na nafasi inayotakiwa juu ya bati ni mita 7 za mraba au pungufu kidogo.

Kisha usiku. Tangu jua linapozama hadi linaposhika nguvu saa 3 asubuhi ni saa 15. Katika muda huo friza, taa na televisheni zitachota uniti 2 na ushee. Betri ya lithiamu ya uniti 5 itambeba usiku huo na kumwachia akiba kwa siku moja mbaya. Siku mbili mfululizo za mvua kubwa zitamweka matatani, na hapo ndipo umeme wa gridi, hata ule wa kukatikakatika, huwa na thamani.

Akiongeza friza ya tatu bila kuongeza paneli na betri, mtambo wote utaanza kuchechemea. Hili ndilo kosa linalowapata wengi: biashara inakua, mtambo unabaki uleule, na lawama inaangukia sola.

Betri ya bei ndogo, hasara kubwa

Paneli zimeshuka bei sana tangu 2010, na nzuri hudumu zaidi ya miaka 20. Kinachokula fedha ni betri, na hapo ndipo mnunuzi hudanganywa na bei ya kwenye lebo.

Betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 inahifadhi uniti 2.4. Haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Kwa hiyo inatoa uniti 1.2 kwa usiku. Ikitunzwa na kudumu mizunguko 600, itakuwa imetoa uniti 720 maishani mwake. Tuseme imenunuliwa Sh25,000 za Kenya. Kila uniti iliyopita ndani yake imegharimu Sh35, kabla ya kuhesabu paneli wala inveta.

Betri ya lithiamu ya uniti 5 inaweza kuchotwa uniti 4 kila siku na kudumu mizunguko 3,000. Hizo ni uniti 12,000. Tuseme bei yake ni Sh120,000. Kila uniti imegharimu Sh10. Bei hizi ni za mfano na hubadilika kutoka duka hadi duka, lakini njia ya hesabu haibadiliki: gawanya bei kwa uniti zitakazotoka, kisha linganisha na bei ya uniti kwenye risiti ya tokeni.

Tatizo ni kwamba Sh120,000 zinatakiwa leo, na Sh25,000 ndizo zilizopo mfukoni. Ndiyo sababu mpango wa kulipa kidogokidogo kwa simu, ulioenea kutoka Kenya katika muongo wa 2010, ulifungua soko kwa watu wasio na fedha taslimu. Anayelipa kwa awamu azidishe malipo ya siku kwa idadi ya siku zote kabla ya kutia sahihi, maana tofauti na bei ya taslimu huwa kubwa.

Jenereta ndogo ya petroli haimo kwenye mashindano hayo. Hunywa nusu lita au zaidi kwa kila uniti, na ikiendeshwa friza peke yake hunywa zaidi kwa kazi ndogo. Kwa bei ya pampu ya upande wowote wa mpaka, uniti yake ndiyo ghali kuliko zote. Jenereta inafaa kwa usiku mmoja wa dharura, si kwa biashara ya kila siku.

Barafu ni betri

Mwenye friza ana faida ambayo mwenye televisheni hana: baridi inaweza kuwekwa akiba. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hutunza baridi kwa takriban saa 48 bila umeme. Iliyojaa nusu hutunza kwa saa 24 hivi.

Maana yake ni kwamba kazi kubwa ya kugandisha inaweza kufanywa kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 jioni, wakati jua lina nguvu na umeme wa paneli hauna pa kwenda. Nafasi zilizo wazi ndani ya friza zikijazwa chupa za maji yaliyoganda, usiku friza haihangaiki. Mauzo ya rejareja yakitolewa kwenye kasha lenye barafu badala ya kufungua friza kila mara, betri ndogo inatosha pale ambapo ingehitajika kubwa.

Kanuni hiyo inafaa kwa kazi nyingine pia. Mwenye pampu ya umwagiliaji ajaze tangi mchana, maji yashuke yenyewe jioni. Fundi cherehani apige pasi saa 6 mchana. Kila kazi inayohamishiwa mchana inapunguza ukubwa wa betri.

Pale sola ya paa inapoishia

Kinu cha kusaga cha nguvu-farasi 10 kinataka kilowati 7.5 kikiwa kwenye mwendo. Wakati wa kuwashwa, mota ya kawaida inaweza kuvuta mara tano au zaidi ya kiasi hicho kwa muda mfupi. Inveta ya nyumbani itazima au kuungua. Vinu vya sola vipo, vyenye mota na vidhibiti maalumu, na husaga mchana tu. Mwenye foleni ya wateja jioni bado anahitaji gridi au dizeli. Hali ni hiyohiyo kwa mashine ya kuchomelea na kwa chumba cha baridi cha kuhifadhi tani za samaki.

Kati ya paa la mtu mmoja na gridi ya taifa kuna njia ya tatu: gridi ndogo ya kijiji au mtaa. Kisiwani Ukara, katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania, gridi ya namna hiyo inayotumia jua ilianza 2016. Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, mtambo wa jua wa megawati 1.3 wenye betri na jenereta za akiba uliwashwa 2020. Huko, majirani wanagawana gharama ya betri kubwa na fundi wa kudumu, mambo ambayo duka moja haliwezi. Uniti yake mara nyingi huwa ghali kuliko ya gridi ya taifa, lakini ni nafuu kuliko jenereta.

Gridi nayo imebadilika

Mjadala wa "sola dhidi ya umeme wa kawaida" unasahau jambo moja. Katika nchi nyingi duniani umeme wa kawaida ni wa makaa ya mawe na gesi. Afrika Mashariki sivyo.

Nchini Kenya, takriban asilimia 90 ya umeme unatokana na nishati jadidifu. Mvuke wa ardhini wa Olkaria umekuwa ukizalisha tangu 1981. Upepo wa Turkana unaendesha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Garissa kuna shamba la jua la megawati 50 na ushee, lililozinduliwa Desemba 2019. Uganda inategemea maji ya Mto Nile, na bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024. Tanzania, ambayo kwa miaka mingi iliegemea gesi asilia, ilianza Februari 2024 kupata umeme wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115.

Kwa hiyo swali la iwapo nishati jadidifu inaweza kuendesha nchi lina jibu la vitendo hapa hapa. Inaweza, kwa sehemu kubwa. Ila haiendeshwi na jua peke yake. Matumizi ya umeme Kenya hupanda kileleni kati ya saa 1 na saa 4 usiku, watu wanaporudi nyumbani. Saa hizo Garissa haitoi kitu. Mvuke wa Olkaria ndio unaobeba usiku na mchana, maji ya mabwawa yanafunguliwa yanapohitajika, na upepo unaongeza unapovuma.

Kila chanzo kina udhaifu wake. Mwaka wa ukame mabwawa hushuka. Wafanyabiashara wa muda mrefu wanaukumbuka mgawo wa Kenya wa 1999 na 2000, na ule wa Tanzania wa 2006 na 2011, yote miaka ya uhaba wa maji. Lakini siku za ukame ndizo pia siku za jua. Paneli zinapozalisha mchana, maji yanabaki bwawani kwa ajili ya usiku. Hapo jua linafanya kazi ya kulisaidia bwawa.

Umeme nao unavuka mpaka

Mfanyabiashara wa mpakani anaelewa jambo ambalo wahandisi wamelifanyia kazi kwa miaka mingi: mahali pakikosa, pengine pamezidi. Mahindi huvuka Namanga kwa sababu hiyo. Umeme pia.

Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera, Tanzania, ulipata umeme kutoka Uganda kwa sababu Masaka ilikuwa karibu kuliko gridi ya taifa lake. Novemba 2022 Kenya ilianza kununua megawati 200 kutoka Ethiopia kupitia laini ya zaidi ya kilomita 1,000, kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa. Mwishoni mwa 2024, laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida, inayopitia Namanga, ilitiwa umeme na kuunganisha gridi za Kenya na Tanzania.

Laini hizo zina maana kwa mwenye friza. Gridi moja ndogo ikipungukiwa, zamani dawa ilikuwa mgawo au dizeli. Gridi zikiunganishwa, mvua za Ethiopia, mvuke wa Naivasha na maji ya Rufiji vinaweza kusaidiana. Lakini kuunganishwa hakuzuii nguzo kuanguka mtaani wala transfoma kulipuka. Hitilafu za karibu na nyumbani zitaendelea kuwapo, na ni kwa hitilafu hizo betri ya dukani inalipa gharama yake.

Kununua na kuvusha

Kwa wanaofanya biashara ya vifaa vyenyewe, sheria ya pamoja inawapa nafasi. Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 linasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa maalumu vya nishati ya jua na upepo, zikiwamo betri za kuhifadhi umeme wa sola. Betri ya gari haimo. Kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine ni suala la kila nchi, na hubadilika bajeti za Juni zinaposomwa, hivyo ni busara kuuliza dawati la taarifa za biashara mpakani kabla ya kufunga mzigo.

Wengi hujikwaa kwenye Cheti Rahisi cha Uasilia, kile cha mizigo isiyozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Paneli ya China haigeuki ya Afrika Mashariki kwa kuwa ilinunuliwa Nairobi au Kampala. Anayeivusha aitangaze kama bidhaa ya nje na kuomba msamaha chini ya Jedwali la Tano.

Mnunuzi naye ana vipimo viwili vya haraka vya kukwepa bidhaa feki. Cha kwanza ni futi ya kupimia: mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 hadi 230 hivi, hivyo paneli ya mita moja ya mraba iliyoandikwa wati 400 ni uongo mtupu. Cha pili ni mizani: betri halisi ya risasi ya ampea-saa 200 huwa na uzito wa kilo 60 hivi, na ya kilo 30 haina risasi ya kutosha ndani yake. Dhamana nayo isomwe. Ikiwa inamtaka mteja arudishe betri ya kilo 60 ng'ambo ya mpaka kwa gharama yake, kwa muuza samaki wa Mwanza au Gulu dhamana hiyo ni karatasi tu.

Wa Rusumo wanaona kwa macho

Kwa mama wa friza mbili, uamuzi unaofaa hauko kwenye kukata waya wa gridi. Uko kwenye kuamua nani abebe nini. Taa, simu na friza zibebwe na jua, barafu igandishwe mchana, betri ihesabiwe kwa uniti, na gridi ibaki kwa siku za mvua na kwa kazi nzito. Akifanya hivyo, umeme ukikatika saa 2 usiku, samaki wake wanaamka salama.

Malori yanapopanga foleni kuvuka daraja la Rusumo, chini yao Mto Kagera unaporomoka kwa kishindo. Maji hayo hayo yanazungusha mitambo ya megawati 80, na umeme wake unagawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Hakuna paa la duka linaloweza kufanya kazi ile. Na hakuna bwawa linaloweza kumhakikishia muuza samaki kwamba nguzo ya mtaa wake haitaanguka usiku wa leo.